Tamthilia ya mzunguko ni nini?

Tamthilia ya mzunguko ni mfululizo wa maigizo mafupi ya Biblia, kuanzia uumbaji hadi siku ya hukumu, ambayo miji ya Ulaya ya zama za kati iliyaonyesha hadharani. Huko York, Uingereza, yalichezwa katika sikukuu ya Mwili wa Kristo, iliyoanzishwa na Papa Urbano IV mwaka 1264.

Kuigiza kwenyewe kulikuwepo kanisani kabla ya hapo. Mwongozo wa watawa wa Uingereza wa miaka ya 970 unaelekeza kwamba asubuhi ya Pasaka mtawa mmoja aketi kaburini ameshika tawi la mtende, na wenzake watatu waje na vyetezo kama wanaotafuta kitu. Huyo ni malaika, na hao ni wanawake waliokwenda kuupaka mwili wa Yesu manukato. Anawauliza kwa Kilatini wanamtafuta nani. Wengi husimulia kwamba igizo hilo lilikua, likafukuzwa kanisani, likahamia barabarani. Si kweli. Maigizo ya Kilatini yaliendelea makanisani karne nyingi, huku ya mitaani yakishika njia yake, kwa lugha ya wenyeji.

York inatajwa kuwa na majukwaa ya magurudumu tangu 1376. Kila chama cha mafundi kilibeba igizo lake na gharama zake: waunda meli walijenga safina ya Nuhu, waokaji mikate wakacheza Karamu ya Mwisho. Magari yalikokotwa kutoka kituo hadi kituo, na waigizaji walitakiwa kuwa tayari kabla ya saa kumi na moja alfajiri.

Linalonigusa kuliko yote ni igizo la kusulubiwa, la mafundi wa pini. Askari wanne wanapiga misumari wakilalamika kama vibarua: matundu yametobolewa mbali mno, mikono haifiki, basi wanaivuta kwa kamba. Msalaba nao ni mzito, na shimo la kuusimamishia ni pana, lazima waukazie kabari. Hawamjadili sana wanayemuua, wanajadili zaidi kazi. Wanapompigilia, Yesu amenyamaza. Akishainuliwa anasema na watu wote wapitao njiani, yaani umati uliosimama pale York ukimtazama.

Baada ya Matengenezo ya Kiprotestanti, yaani Uingereza ilipojitenga na Kanisa Katoliki, wakuu wa kanisa waliyatilia shaka maigizo haya, na York iliyacheza mara ya mwisho mwaka 1569.