Programu huria: maana yake, na kwa nini si "bure" tu

Fungua laptopu ya nyumbani hapa Mwanza uangalie muvi, na kuna uwezekano mkubwa itajitokeza ile koni ya barabarani ya rangi ya chungwa yenye mistari myeupe. Ndiyo VLC. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi karibu na jiji la Paris, Ufaransa, na mwaka 2001 ikatolewa kwa leseni huria. Hujawahi kuilipia, hujaiba, na hakuna atakayekudai. Kwa hiyo programu huria unaijua siku nyingi, pengine jina lake tu ndilo geni.

Kila programu huandikwa kwanza na watu, kwa maandishi ambayo mtaalamu mwingine anaweza kuyasoma. Maandishi hayo tunayaita msimbo. Kisha hugeuzwa kuwa kitu ambacho kompyuta inakitekeleza lakini mtu hawezi kukisoma. Kampuni za kibiashara kwa kawaida hukuuzia hicho cha pili, msimbo wakabaki nao wenyewe. Programu huria inakuja na msimbo wake wazi, pamoja na leseni yenye ruhusa nne: uitumie kwa kazi yoyote, uichunguze na kuibadili, ugawe nakala zake, na ugawe hata ile uliyoibadili wewe. Aliyezipigania ruhusa hizi tangu mwanzo ni Mmarekani Richard Stallman, aliyetangaza mwaka 1983 mradi wa GNU, wa kuandika mfumo mzima wa kompyuta ulio huria.

Nenda mwaloni Kirumba ukaangalie mtumbwi. Mbao unaziona, misumari unaiona, ukivuja unamwita fundi yeyote anauziba. Sasa chukua mtumbwi wa kukodi ambao mwenyewe tu ndiye anayeruhusiwa kuugusa. Akipandisha bei, unalipa. Akichoka kuutengeneza, unabaki nchi kavu. Hilo si la kufikirika: tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walimaliza kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na laptopu nyingi za mtumba tulizonazo hazikidhi masharti ya Windows 11. Mashine bado nzima, ila mwenye mtumbwi ameondoka. Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta kama Windows ila huria, unaweza kuipa mashine kama hiyo miaka mingine.

Hapa watu huchanganya. WhatsApp ni bure, lakini si huria, kwa sababu programu yenyewe imefungwa na uamuzi wote uko kwa mwenye kampuni. Programu ya majaribio ya siku 30 nayo ni bure kwa siku 30 tu. Huria ni ruhusa. Kutolipa ni matokeo yake.

Faida ya ruhusa hiyo sisi tumeiona kwa lugha yetu wenyewe. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria ya ofisi ya OpenOffice (ya kuandikia barua na majedwali) iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kwenda kubisha hodi kwa kampuni yoyote kuomba kibali. Msimbo ulikuwa wazi, wakakaa chini wakafanya kazi. Mwaka 2010 sehemu kubwa ya waliokuwa wakiiandika OpenOffice walijitenga wakaanzisha LibreOffice, na hiyo ndiyo ninayompa kila mtu anayeniuliza nyumbani aanze na nini.

Shangazi yangu wa Nyegezi ni mweka hazina wa kikoba. Laptopu yake ilikuwa imewekewa programu ya ofisi iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli ili itumike bila kulipiwa. Fundi aliyeiweka alizima kwanza ulinzi wa virusi ili ikubali, na hakuuwasha tena. Baada ya wiki chache mafaili yote yakafungwa na kirusi. "Baba, na hesabu za akina mama?" aliniuliza, na sikuwa na jibu. Tulikaa jioni mbili tukiziandika upya kutoka kwenye daftari la karatasi. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu alichokuwa anakihitaji ni jedwali la majina, hisa na mikopo, basi. Kazi hiyo LibreOffice inaifanya bila shida.

Nilimwekea, tukakutana na kikwazo kimoja ambacho nawe utakutana nacho. LibreOffice huhifadhi kwa muundo wake yenyewe, na ukipeleka faili hilo steshenari, huenda likafunguka limevurugika. Hata kwa docx, muundo wa Microsoft Word, mwandiko wa Calibri usipokuwepo kwenye mashine yako, LibreOffice huweka Carlito badala yake. Carlito ina vipimo vilevile, hivyo mistari haihami sana, lakini majedwali marefu wakati mwingine hukatika vibaya. Dawa yake: ukimaliza, toa PDF. Kitufe kipo juu kabisa. PDF haibadiliki njiani.

Kwa mengine nipite haraka. Inkscape inachora nembo na kadi, Audacity inarekodi na kusafisha sauti (mwenye kwaya aijue hii), GIMP inahariri picha. Nisikufiche, aliyezoea Photoshop atahangaika na GIMP wiki za mwanzo, na kama unaandaa mabango ya kiwandani yanayodai rangi za uchapaji, haitakutosheleza vizuri. Kwa picha za familia inatosha na kubaki. Ukijiuliza nani analipia yote haya, kuna kampuni, kuna taasisi, na kuna michango. Mwaka 2002 programu ya katuni ya Blender ilikuwa mikononi mwa wawekezaji waliokubali kuuachia msimbo kwa euro 100,000. Watu wakachanga, zikatimia ndani ya wiki saba.

LibreOffice ya Windows inakula MB 300 na kitu za bando, na ipakue libreoffice.org, si kwenye tovuti za kuokoteza. Mmoja wenu akishaipakua inatosha, majirani wakinakili kwa flashi ni halali kabisa. Shangazi ameshawapa wawili wa kikoba chake, na mwezi uliopita katibu ndiye aliyemtumia jedwali.