Ndege inayolala bandani ina mambo mengi ya kukaguliwa

"Fundi, mwaka mzima imeruka saa 31 tu. Sasa unakagua nini?"

Swali hili naulizwa mara kwa mara na wenye ndege binafsi: mkulima mwenye Cessna yake ya injini moja, daktari, familia inayovuka kwenda visiwani mwisho wa wiki. Naelewa linatoka wapi. Mwenye gari huhesabu kilomita, na gari lisilotembea huonekana limepumzika. Ndege ndogo haipumziki. Ikilala bandani, hasa huku pwani, inaharibika, na mara nyingi inaharibika haraka kuliko ile ya kukodi inayokwenda Mafia na kurudi kila siku.

Ndiyo maana kanuni za matengenezo hupima kwa njia mbili, saa za kuruka na kalenda, na kinachotangulia ndicho kinachofuatwa. Kwa ndege ya biashara saa 100 humalizika upesi, kwa hiyo saa ndizo zinazotangulia. Kwa ndege binafsi, karibu kila mara, ni kalenda. Marekani, zilikotengenezwa nyingi ya ndege hizi, sheria haijali umeruka saa tatu au mia tatu: ikipita miezi 12 bila ukaguzi wa mwaka, ndege hairuki.

Nianze na injini. Injini nyingi za kampuni ya Lycoming, zikiwemo zile za Cessna 172 na za Piper nyingi, zina kamshafti, yaani mhimili unaosukuma valvu, iliyokaa juu ya krenkshafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Ukizima injini, oili yote huteremka taratibu hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na huko juu chuma hubaki na utando mwembamba tu. Wiki zikipita, utando huo nao unaisha. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Unguja, yenye chumvi na unyevu, inaingia, na kutu inaanza palepale ambapo valvu zinasukumwa.

Wapo wenye ndege wanaojua hilo, na kwa nia njema kabisa huja kila Jumamosi, wanawasha injini dakika kumi chini, wanazima, wanaenda nyumbani na moyo mweupe. Nawaomba waache. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Mengi hutoka kwa ekzosi kama mvuke, lakini sehemu yake hupenya kwenye ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Kwa dakika kumi za kusimama oili haijapata moto wa kuufukuza unyevu huo, kwa hiyo kila Jumamosi unaongeza maji ndani ya injini unayotaka kuilinda. Ushauri wa Lycoming ni kuirusha angalau saa moja mfululizo kila siku 30, oili ikiwa kati ya nyuzi 74 na 93 za Selsiasi. Na oili yenyewe pamoja na filta hubadilishwa kila saa 50 au kila miezi minne, kinachotangulia. Mwenye saa 31 kwa mwaka anadhani hajafika. Kumbe alitakiwa kuwa ameshabadilisha mara tatu.

Niliwahi kukata filta ya injini iliyokuwa na saa 640 tu tangu ilipofanyiwa matengenezo makubwa, wakati kipimo chake kabla ya kufunguliwa tena kilikuwa saa 2,000. Nilipoikunjua karatasi yake juani iling'aa kwa vipande vya chuma. Tulipofungua tukakuta kamshafti imeliwa. Mwenyewe alikuwa mtu anayeipenda ndege yake, aliiosha kila wiki kwa mkono wake. Alisimama pale muda mrefu bila kusema. Mimi pia sikuwa na la kumwambia, maana kwenye daftari la matengenezo kulikuwa na miezi 11 bila badiliko la oili, na hakuna fundi yeyote aliyekuwa amemweleza.

Jambo la pili watu hawalitegemei: kiti. Viti vya mbele vya Cessna nyingi ndogo huteleza kwenye reli na kushikwa na pini inayoingia kwenye tundu. Tundu likilika au pini ikifupika, kiti hurudi nyuma ghafla, na kibaya zaidi hurudi wakati wa kupaa, pua ikiwa juu. Rubani anayeteleza nyuma hushika alicho nacho mkononi, yaani usukani, na kuuvuta. Ndege iko karibu na ardhi, mwendo mdogo, pua inazidi kupanda, mabawa yanapoteza nguvu ya kuibeba. Ajali za namna hii zilirudia kiasi kwamba mamlaka ya Marekani ilitoa agizo la lazima mwaka 1987, likafuatiwa na jingine mwaka 2011: kagua reli, matundu, pini na magurudumu ya kiti kila saa 100 au kila miezi 12. Maagizo haya mafundi tunayaita AD, na si ushauri. Lakini hata agizo halimzuii rubani kufanya jambo la sekunde tatu kila anapoketi: jisukume nyuma kwa nguvu, usikie kiti kimeshika.

Halafu kuna hewa ya sumu. Wapenzi wa soka wanamkumbuka Emiliano Sala, mshambuliaji aliyekuwa akihamia Cardiff City kutoka Nantes. Tarehe 21 Januari 2019 alikuwa abiria kwenye Piper Malibu ya injini moja iliyoanguka baharini karibu na Guernsey. Wachunguzi wa Uingereza walikuta damu yake imejaa monoksidi ya kaboni kwa asilimia 58, na wakasema kuna uwezekano mkubwa rubani naye aliathirika. Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Inatoka kwenye ekzosi iliyopasuka, na njia yake ya kawaida ya kuingia ni mfumo wa kupasha joto, kwa sababu hewa ya joto huchukuliwa kwenye ganda linalozunguka sailensa. Ufa mdogo kama unywele unatosha.

Wa kwetu huniambia, "Fundi, sisi huku hatuwashi hita." Ukitoka Arusha alfajiri kupita juu ya nyanda za Ngorongoro utaiwasha. Na hata usipoiwasha, gesi hupita kwenye matundu ya nyaya yaliyoachwa wazi kwenye ukuta unaotenga injini na chumba cha rubani. Kile kikadi kinachobadilika rangi gesi ikiingia hakitoshi: huzeeka, na rubani anayeanza kulewa gesi hakiangalii. Nunua kifaa chenye king'ora. Katika vyote nilivyovitaja hapa ndicho cha bei nafuu, na ndicho ningekinunua kwanza.

Majaketi ya kuokolea yana hesabu rahisi. Kanuni za kimataifa zinataka ndege ya injini moja inayovuka maji kwa umbali ambao haiwezi kufika nchi kavu kwa kuelea bila injini iwe na jaketi kwa kila mtu. Cessna 172 iliyozimika huelea kama mita tisa mbele kwa kila mita moja inayoshuka. Ukiwa futi 5,000 bila upepo, una kama kilomita 14. Mkondo wa Zanzibar, hata pale ulipo mwembamba, ni kama kilomita 35. Kwa hiyo katikati hufiki Bagamoyo wala hufiki Unguja, unakwenda majini.

Nimetoa majaketi chini ya viti ambayo chupa zake za gesi zilikuwa zimeshikwa na kutu hadi kwenye kizibo, na mengine yana panya. Yana tarehe ya ukaguzi, isome. Na yavaeni kabla ya kuruka, msiyaweke chini ya kiti, kwa sababu ndege ndogo ikigusa maji hakuna muda wa kutafuta. Ila usilijaze upepo ukiwa ndani. Mwaka 1996 ndege ya Ethiopian iliyotekwa iliishiwa mafuta ikaanguka baharini karibu na ufukwe wa Ngazija. Watu 125 kati ya 175 walikufa, na miongoni mwao walikuwepo waliojaza majaketi mapema, maji yakawainua hadi darini wakashindwa kutoka.

Mtungi wa kuzimia moto: angalia mshale, upime uzito, tingisha. Kisanduku cha dawa: tupa zilizopita muda. Bomba la kupimia mwendo lifunikwe ndege ikilala, maana nyigu hawahitaji wiki nyingi kujenga humo. Boeing 757 ya Birgenair, shirika la Uturuki, iliyoanguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, mwaka huohuo wa 1996 ilikuwa imekaa chini karibu siku 20, siku za mwisho bila vifuniko, na wachunguzi waliwashuku wadudu hao.

Nimebakiza kirusha ishara cha dharura, kile kisanduku kilichofungwa karibu na mkia. Setilaiti ziliacha kusikiliza masafa ya zamani ya megahezi 121.5 tarehe 1 Februari 2009. Siku hizi zinasikiliza 406 pekee, kwa hiyo kirushio cha zamani chenye taa inayowaka vizuri hakiiambii setilaiti yoyote kwamba umeanguka. Kirushio cha 406 hutuma namba yake, na namba hiyo ndiyo inayowaambia waokoaji ni ndege ya nani na ya nchi gani. Ndege ikinunuliwa nje ikaletwa hapa, namba lazima ibadilishwe na isajiliwe upya.

Hapa narudi kwa yule wa saa 31. Tulimaliza ukaguzi wake baada ya siku nne. Injini nzima, alhamdulillahi. Pini ya kiti cha kushoto imelika. Majaketi mawili kati ya manne yamepita tarehe. Kirushio kilikuwa na betri nzuri na waya mzuri, ila namba yake ilikuwa bado ya Marekani, na jina lililosajiliwa ni la mtu aliyeiuza ndege miaka sita nyuma. Kama angeanguka Selous, simu ya kwanza ingelia kwenye nyumba ya mtu asiyemjua, ng'ambo ya bahari, na saa zingekwenda.

Nilimwonyesha hilo kwenye karatasi. Aliisoma mara mbili, kisha akampigia mkewe, maana ndiye anayekaa kiti cha kulia.