Kwa nini Land Rover ya zamani huanza kumisi baada ya kufungwa koili pakiti?

Land Rover ya petroli ya miaka ya 1970 imetolewa distributa na platini (mfumo wa zamani wa kukata umeme na kugawa cheche kwa kila plagi), ikafungwa koili pakiti ya vichwa vinne, boksi la kontroli na sensa ya krenki inayosoma mzunguko wa injini. Taimingi iko sawa na plagi ni mpya, lakini injini inamisi, yaani silinda hukosa kuwaka, hasa alfajiri maeneo kama Mikindani ambako hewa ya bahari huacha unyevu wa chumvi juu ya kila kitu. Lawama huangukia koili. Mara nyingi mkosaji ni waya za plagi, zilizorudishwa zile zile za zamani kwa sababu "bado nzima".

Kwenye distributa koili ni moja. Umeme hupita kwenye rota, ukaingia waya ya silinda yenye zamu, ukaruka plagi na kurudi kupitia bodi ya injini. Koili pakiti ya silinda nne ni koili mbili ndani ya kasha moja, na kila koili ina vichwa viwili. Umeme hutoka kichwa cha kwanza, huruka plagi ya silinda 1, hupita kwenye silinda hedi, huruka plagi ya silinda 4 kinyumenyume, kisha hurudi kwenye kichwa cha pili. Cheche moja huchoma mchanganyiko. Nyingine hupotea bure katika silinda inayotoa moshi. Kwa hiyo waya mbili ni njia moja, na ikiharibika ya 1, ya 4 nayo huumia.

Kwa injini ambayo silinda zake huwaka kwa zamu ya 1-3-4-2, kama ya Land Rover hii, jozi ni 1 na 4, kisha 2 na 3. Volkswagen Beetle huwaka 1-4-3-2, hivyo jozi zake ni 1 na 3, kisha 2 na 4. Anayenakili mpango wa Land Rover kwenye Beetle atafunga na kufungua mpaka jua lizame.

Koili ya platini kwa kawaida hufikia volti 20,000 hadi 25,000 hivi. Koili pakiti huweza kupita 30,000. Mpira wa waya uliovumilia miaka mingi sasa unasukumwa zaidi, na umeme hutafuta ufa wowote wa kutokea kabla ya kufika kwenye plagi. Chagua waya mpya zenye ganda la silikoni. Unene wa milimita 7 unatosha ukiwa mzuri, na wa 8 hukuongezea nafasi ya usalama. Unene peke yake hauongezi nguvu ya injini, muuzaji aseme atakavyo.

Kosa kubwa zaidi liko ndani ya ganda. Waya ya shaba tupu ilifaa enzi za platini. Kwenye mfumo wenye kompyuta inageuka antena. Kelele zake za umeme huingia kwenye waya wa sensa, boksi likakosea kuhesabu meno ya gurudumu la krenki, na cheche zikaja wakati usio wake. Inayofaa ni ya kaboni, au bora zaidi ile yenye uzi mwembamba wa chuma uliozungushwa kama springi, kwa sababu hudumu kuliko kaboni, ambayo hukatika ndani ikivutwa. Ongeza na plagi zenye rezista, kizuizi kidogo cha umeme kinachopunguza kelele hizo; kwa NGK tafuta herufi R, yaani BPR6ES badala ya BP6ES.

Wengine huogopa kwamba rezista inakula cheche. Kabla cheche haijaruka, mkondo karibu haupo, hivyo volti za kuvunja pengo la plagi hazipungui. Ikisharuka, mkondo ni kama miliampu 50. Kwenye omu 5,000 hiyo ni volti 250 tu.

Kabla ya kuagiza waya Dar es Salaam, tazama vichwa vya koili. Vingine vina shimo ambamo ncha ya waya huzama, vingine vina nguzo ya chuma inayovikwa kofia. Ncha ya distributa ya zamani ikilazimishwa huacha pengo, na pengo hilo huungua kila cheche inapopita. Upande wa plagi, angalia kama kofia inataka ncha ya plagi yenye nyuzi tupu za skrubu au ile nati ndogo ya juu. Pima urefu kwa kamba kutoka koili hadi plagi kwa njia ambayo waya itapita, ongeza sentimita 3, epuka manifodi ya moshi, na usiifunge pamoja na waya wa sensa. Ukikata mwenyewe, kunja kiini (uzi wa ndani) juu ya ganda ndipo ubane ncha kwa koleo lake. Kaboni haikubali lehemu. Kisha pima kwa mita ya umeme huku ukikunja waya. Usomaji ukirukaruka, itupe.

Waya za mtumba, hata zikitoka na koili yake, usizitie. Bei yake ndogo hailipi muda utakaoupoteza.

Sasa chumvi. Vumbi na unyevu wa bahari hufanya utando unaopitisha umeme juu ya kofia. Umeme ukishatambaa huacha mstari mweusi wa kaboni, na kofia yenye mstari huo haisafishiki. Paka grisi ya silikoni kidogo ndani ya kila kofia, sukuma hadi usikie "tak", na usioshe waya kwa petroli, maana silikoni huvimba.

Kutafuta uvujaji, subiri usiku, zima taa, fungua boneti injini ikiwaka na nyunyiza maji kama ukungu kwa chupa, mikono ikiwa mbali. Vimulimuli vya bluu vitaonyesha mahali. Zoea la gerejini la kung'oa waya moja moja ili kusikiliza silinda iliyokufa liachwe: waya ikiwa wazi, volti hupanda bila pa kwenda, zikatoboa koili kwa ndani au zikapitia mkononi mwako.