Kubeba bunduki wazi Marekani na kukutana na polisi: mambo ambayo ndugu zetu wanatakiwa wayajue

Ndugu zangu mnaoishi Marekani, hasa nyie mliofika miaka ya karibuni kutoka makambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kakuma, Nakivale au mliokuja kusoma kutoka Nairobi na Dar, swali hili tunaulizwaga karibu kila semina: hivi yule jamaa niliyemkuta dukani na bastola kiunoni, wazi kabisa, na watu wanampita tu kama hawamuoni, ile inaruhusiwa? Jibu ni ndio, sehemu nyingi inaruhusiwa. Wenzetu waliotoka Kivu wakiona mtu asiye na sare kabeba bunduki akili inaenda moja kwa moja kwa waasi, wanataka kukimbia, na siwalaumu hata kidogo. Lakini swali la pili linalofuataga hapohapo, "basi na mimi naweza?", hilo ndo limenifanya nikae niandike, maana mimi kazi yangu ni msaada wa sheria kwa wahamiaji na nimeona majibu wanayopeana watu vijiweni yanavyowaharibia maisha.

Kwanza sheria yenyewe kwa kifupi. Katiba yao, Marekebisho ya Pili ya mwaka 1791, inalinda haki ya kuwa na silaha na kuibeba. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ilisema hiyo ni haki ya mtu binafsi, alafu Juni 2022 ikaongeza kwamba haki hiyo haiishii mlangoni kwako, mtu anaweza kutoka nayo nje kwa ajili ya kujilinda. Ila namna ya kuibeba, iwe wazi au iwe imefichwa, na leseni au bila leseni, hapo kila jimbo lina lake. Texas walianza kuruhusu bastola ya wazi kwa mwenye leseni tarehe 1 Januari 2016, na kuanzia 1 Septemba 2021 leseni yenyewe hailazimiki tena kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haimkatazi, ila kama bastola inaonekana lazima iwe kwenye mkoba wake maalumu wa bastola (holster). Illinois kubeba wazi ni marufuku, New York marufuku, Washington D.C. marufuku. Florida ilikuwa marufuku toka 1987 mpaka Septemba 2025 mahakama ya rufaa ya huko ilipoliondoa katazo. Madereva wa malori nawaomba hapa mnisikie vizuri, maana mko wengi na mnavuka majimbo manne matano kwa wiki: kitu kilichokuwa halali asubuhi ukiwa unapakia mzigo kinaweza kukutia pingu jioni ukiwa unashusha, na kusema "sikujua nimeshavuka mpaka" hakunaga hakimu anaipokea.

Sasa tuje kwa polisi, ndo penye kazi.

Toka kesi ya Terry ya mwaka 1968, polisi anaruhusiwa kukusimamisha akiwa na sababu zinazoeleweka za kushuku kwamba kuna uhalifu, na akiwa na sababu za kuamini una silaha na ni mtu wa hatari anaweza kukupapasa mwilini. Je, kwenye jimbo ambalo kubeba wazi ni halali, ile bastola peke yake inatosha kuwa sababu? Mahakama mbili kubwa za rufaa za shirikisho zimesema haitoshi. Moja ilisema hivyo 2013 kwa kesi iliyotoka Charlotte, North Carolina, nyingine 2015 kwa kesi ya Toledo, Ohio. Hii ya Toledo ina somo kubwa. Bwana mmoja alikuwa anatembeza mbwa mtaani na mke wake, binti yake na mjukuu, bastola iko kiunoni wazi, mtu wa pikipiki akapita akamuona akapiga 911, namba ya dharura. Polisi akafika, akachukua bastola, akamfunga pingu akamkalisha kama nusu saa hivi. Mahakama ikasema polisi hakuwa na haki ya kumshika kwa sababu Ohio imewaruhusu watu kubeba. Sasa angalieni miaka: tukio ni 2010, uamuzi ni 2015. Haki yake ilitambuliwa miaka mitano baadaye na majaji wamekaa kwenye viti wanasoma makaratasi, lakini pale barabarani mbele ya mjukuu wake alikuwa na pingu. Ndo maana nawaambiaga watu, mambo ya barabarani yanaamuliwa barabarani, na mahakamani utaenda baadaye ukiwa mzima. Ukianza kumfundisha polisi sheria huku una silaha kiunoni unaweka maisha yako mkononi mwa mtu ambaye hakujui na ameshaogopa.

Na msidhani huo uamuzi umewafunga polisi moja kwa moja. Mwaka 2017 mahakama ileile iliyoamua kesi ya Charlotte ilikuja kusema kwamba ukiwa umesimamishwa kihalali kwa jambo lolote, hata mkanda wa gari tu, na polisi ana sababu ya kuamini una silaha, anaweza kukupapasa hata kama silaha yako ni halali kabisa. Yani kwa macho yao mwenye silaha ni wa hatari, basi. Na maamuzi haya yanabana maeneo yao tu, wa Ohio, Kentucky na Tennessee mna mahakama yenu ya rufaa na wa Virginia na North Carolina wana yao.

Lakini kuna kitu kinatangulia kabla polisi hajafika nacho watu hawakifikirii, nacho ni ile simu. Polisi akishuka kwenye gari hajui wewe ni nani, hajui una leseni, hajui unaenda kanisani au msikitini. Anachokijua ni kile alichoambiwa kwenye redio. Tarehe 5 Agosti 2014 kule Beavercreek, Ohio, kijana mweusi wa miaka 22, John Crawford III, alichukua bunduki ya upepo iliyokuwa rafuni ndani ya duka la Walmart akawa anatembea nayo huku anaongea na simu. Mteja mmoja akapiga 911 akasema jamaa anawaelekezea watu bunduki. Polisi waliingia na picha hiyo kichwani, wakampiga risasi ndani ya muda mfupi sana, akafa. Baadaye huyo mpiga simu alibadilisha maelezo yake. Na hapo ni Ohio, jimbo ambalo hata bunduki ya kweli unaruhusiwa kubeba wazi! Miezi mitatu tu mbele, 22 Novemba 2014, Cleveland, Tamir Rice, mtoto wa miaka 12, alikuwa anachezea bastola ya bandia kwenye bustani. Aliyepiga simu alisema pengine ni ya bandia na pengine ni mtoto, ila maneno hayo hayakuwafikia polisi waliotumwa. Walipofika, sekunde mbili, mtoto amepigwa. Sekunde mbili, hata jina lako huwezi kulimaliza.

Kwa hiyo wewe unayeishi hapa, hata kama bunduki hutaki kuiona maisha yako yote, siku moja unaweza kuwa ndo mpiga simu, na maneno yako yatakuwa ndo macho ya polisi. Ukiona mtu ana bastola kiunoni anachagua nyanya na hana fujo na mtu, jimbo linaruhusu, sogea zako mbali, kama roho haitulii mwambie meneja wa duka, maana duka ni mali ya mtu na mwenyewe anaweza kumkataza mtu kuingia na silaha. Ukiona kaishika mkononi, anatishia, anafuata mtu, anapiga kelele, piga 911 mara moja. Alafu sema ulichokiona tu: silaha iko wapi, mkononi au kiunoni, anafanya nini, ni mtu mzima au mtoto, amevaa nini, na kama inaonekana ya bandia sema, na urudie mpaka usikie wamekuelewa. Usiongeze chumvi ili waje haraka. Kiingereza kikikukwama sema "Swahili", wanaweza kukuunganisha na mkalimani kwenye simu.

Na wazazi, zile bastola za bandia zinazofanana na za kweli, nawaomba sana zisitoke nje ya nyumba. Ile ya Tamir alama ya rangi ya machungwa ya mbele ilikuwa imetolewa. Mtoto kwenye maegesho ya apatimenti jioni na kitu kama kile, na ngozi yetu hii, hapana jamani.

Nimetaja ngozi na sitalizunguka. Mwaka 1967 Black Panther, kikundi cha Wamarekani weusi cha kutetea haki zao, walikuwa wanatembea Oakland na bunduki za wazi wakifuatilia doria za polisi, sheria ya California wakati huo iliruhusu. Tarehe 2 Mei mwaka huo wakaingia nazo kwenye jengo la bunge la jimbo Sacramento, na kabla mwaka haujaisha gavana Ronald Reagan akasaini sheria ya kukataza kubeba bunduki zenye risasi hadharani. Haki iliyoandikwa ni moja, lakini inavyopokelewa mtaani inategemea nani kaibeba, na mimi nikiongea na vijana wetu siwezi kuwaficha hili. Dallas, Julai 2016, bwana mmoja mweusi alikuwa kwenye maandamano na bunduki begani kihalali kabisa, mtu mwingine alipoanza kuwapiga polisi risasi, na polisi watano wakauawa usiku ule, picha ya huyu bwana ikasambazwa na polisi kama mshukiwa. Aliisalimisha bunduki yake kwa polisi na akaachiwa, lakini fikiria nchi nzima inakutafuta kwa kosa ambalo hujafanya.

Siku moja kabla yake, 6 Julai 2016, Falcon Heights, Minnesota, ambako jirani hapo Wakenya na Wasomali wamejaa, Philando Castile, mtu mweusi, alisimamishwa na polisi akiwa kwenye gari. Alikuwa na leseni ya silaha. Alimwambia polisi kwa adabu kwamba ana silaha, na muda mfupi tu polisi akamfyatulia risasi saba, akafa, mbele ya mchumba wake na mtoto wa mchumba wake. Polisi akaachiwa huru na baraza la mahakama, yani wale raia wanaoamua kesi (jury), Juni 2017. Kwa hiyo nikiwapa maelekezo haya ya kwenye gari sisemi ni kinga kamili, nasema yanapunguza hatari. Simama pembeni penye mwanga, washa taa ya ndani, teremsha kioo, mikono yote juu ya usukani. Usianze kutafuta makaratasi kabla hajakwambia. Kama una silaha na sheria ya jimbo inakutaka useme, anza na leseni, sema una leseni na silaha iko sehemu fulani, alafu hapohapo sema mikono yangu hii hapa, niambie nifanye nini. Akikwambia leta kitambulisho na kitambulisho kiko upande uleule wa silaha, mwambie kabla hujasogeza hata kidole. Texas mwenye leseni akiombwa kitambulisho na yuko na silaha anatakiwa atoe vyote viwili, Ohio toka Juni 2022 unalazimika kusema pale unapoulizwa. Akikwambia shuka, shuka, Mahakama ya Juu ilishasema toka 1977 kwamba anaweza kumshusha dereva. Akitaka kupekua gari unaruhusiwa kusema sikubali, sema kwa sauti ya kawaida, mara moja, na usimzuie kwa mwili. Unaweza kuuliza niko huru kuondoka, unaweza kunyamaza, ila usidanganye.

Sasa kwa ambaye bado sio raia. Hapa ndo watu wanaponaswa, maana wanasikia "Texas haihitaji leseni" wanadhani imeisha. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu asiye na makaratasi na mtu aliyeingia kwa viza ya muda, mwanafunzi, mtalii, wa kazi wa muda, kuwa na bunduki au hata risasi, isipokuwa kwa nafasi chache kama mwenye leseni halali ya uwindaji. Na kuwa nayo haimaanishi uinunue. Kuna mwanafunzi kutoka Falme za Kiarabu alikuwa Florida, alifukuzwa chuo akabaki, akaenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha akapiga risasi kama wenzake, akashtakiwa, kesi ikafika Mahakama ya Juu 2019, na walichomsaidia ni kusema tu kwamba serikali lazima ithibitishe alijua hadhi yake haimruhusu. Nawaona vijana wetu wa viza ya masomo wanapiga picha na bunduki za washikaji wanaweka mtandaoni, ile picha ni ushahidi. Adhabu toka 2022 inafika miaka 15 jela.

Wenye grinikadi na wakimbizi waliopokelewa rasmi sheria ya shirikisho haiwakatazi kwa hadhi hiyo. Lakini anayevuta bangi, hata kwenye jimbo lililoihalalisha, anakatazwa. Aliyehukumiwa kwa kumpiga mke au mume, hata kosa dogo, anakatazwa. Kuna pia katazo la kuwa na bunduki ndani ya mita kama 300 kuzunguka shule, ambapo sheria ya shirikisho inamsamehe mwenye leseni ya jimbo hilo, na wewe uliyeambiwa leseni haina haja unajikuta huna msamaha huo. Alafu kubwa kuliko zote, sheria ya uhamiaji inasema mtu asiye raia akihukumiwa kwa kosa la silaha, kununua, kuwa nayo, kuibeba kinyume cha sheria, anaweza kufukuzwa nchini hata kama ana grinikadi miaka 20 na watoto wamezaliwa hapa. Ndo maana ushauri wangu kwa ambaye hajaapa uraia ni usibebe wazi, hata pale jimbo linaporuhusu.

Na ikitokea umekamatwa, usikubali kosa haraka ili urudi kazini Jumatatu. Mwendesha mashtaka anaweza kukuletea ofa nzuri, faini na kifungo cha nje, unasaini, na miezi baadaye barua ya uhamiaji inakuja. Toka mwaka 2010, kesi ya Padilla, wakili wako wa jinai, hata yule wa bure wa serikali, analazimika kukueleza kama kukubali kosa kutakuletea kufukuzwa. Mwambie siku ya kwanza kabisa kwamba wewe sio raia, muombe aongee na wakili wa uhamiaji kabla hujasaini kitu chochote, na kama hakukwambia na umeshasaini, njoo utuone mapema wakati bado kuna muda wa kurudi mahakamani.