Anza na Bajeti Unapoomba Ruzuku ya Wakfu wa Jamii

Nikiletewa andiko la mradi nilipitie, huwa naziruka kurasa za mwanzo na kwenda moja kwa moja kwenye bajeti. Nimekaa kwenye kamati za kuchambua maombi ya ruzuku, na nimesaidia asasi ndogo kuandaa maombi yao. Nikishaisoma bajeti najua kama waombaji wameshaifikiria kazi yenyewe au bado wanaifikiria ruzuku tu.

Kabla ya bajeti, mjue mnayemwomba. Wakfu wa jamii ni taasisi inayotunza fedha za kusaidia eneo fulani na kuzigawa kama ruzuku, na fedha hizo zimetoka kwa watu wengi wenye mapenzi na eneo hilo. Wengine wametoa wakiwa hai, wengine wameacha wosia. Wakfu wa kwanza wa aina hii ulianzishwa Cleveland, Marekani, mwaka 1914 na Frederick Goff, mwanasheria aliyekuwa akiongoza benki. Goff aliona mali nyingi zilizoachwa kwa wosia zikibaki zimefungwa kwenye makusudi yaliyokwisha kupitwa na wakati. Akataka ziwekwe pamoja, kisha kamati ya wenyeji iamue zitumike wapi kadiri mahitaji yanavyobadilika.

Mpaka leo wakfu nyingi za jamii zinaendeshwa kwa namna hiyo. Mtaji huwekezwa, na kinachogawiwa kwa mwaka ni sehemu ndogo tu, mara nyingi kama asilimia 4 au 5. Ndiyo maana ruzuku nyingi ni za kiasi na za muda mfupi. Tena si fedha zote ziko huru: mifuko mingine iliyo ndani ya wakfu ina masharti ya aliyetoa, mfano elimu tu au wazee tu. Kwa hiyo mpigieni simu afisa wa ruzuku kabla hamjaandika chochote, mmweleze kazi yenu kwa dakika chache, mmuulize inaangukia mfuko gani. Hiyo ni sehemu ya kazi yake, na jibu lake laweza kuwaokolea wiki nzima ya kuandika.

Wanaosoma maombi mara nyingi ni wakazi wa hapohapo wanaojitolea. Wanalijua eneo, kwa hiyo msiwamalizie kurasa mkiwaeleza umaskini wanaouona kila siku. Waelezeni mtakachofanya. Sentensi kama “vijana watajengewa uwezo” haimwambii msomaji lolote. Andikeni: “Vijana 40 walioacha shule watafundishwa ushonaji jioni, mara 3 kwa wiki, kwa miezi 6.” Hapo msomaji anauona ukumbi, anaziona cherehani, na anaanza kujiuliza ni ngapi.

Bajeti nayo imjibu. Mstari unaosema “usafiri” na kiasi kimoja kikubwa mbele yake unaleta shaka hata kama kiasi hicho ni halali. Uvunjeni: wawezeshaji 2, safari 4 kila mmoja kwa mwezi, miezi 6, jumla safari 48, kisha nauli ya safari moja. Halafu rudini kwenye maelezo mhakikishe safari hizo zimetajwa. Nimeona maombi mazuri yakiangushwa na kitu kidogo kama mwezeshaji aliyemo kwenye bajeti lakini hayumo kabisa kwenye shughuli.

Na tafadhali msifiche gharama za uendeshaji. Asasi nyingi huogopa kutaja kodi ya ofisi au malipo ya mhasibu, zikidhani zitaonekana za kifahari. Kazi haifanyiki hewani. Kama wakfu umeweka ukomo wa gharama hizo, fuateni ukomo huo. Kama haukuweka, tajeni gharama halisi na sababu yake. Naona ni dhuluma kwa wafanyakazi wenu kuahidi kazi ya mwaka mzima kwa fedha zisizotosha kuiendesha.

Viambatisho havina mjadala: cheti cha usajili, katiba, orodha ya bodi, taarifa za fedha. Viwekeni kwenye faili moja tangu sasa. Kama hamjasajiliwa, ulizeni kama wakfu unakubali asasi iliyosajiliwa iwapokelee na kuwasimamia fedha, baadhi hukubali.

Mkikataliwa, ombeni maoni ya kamati ndani ya siku chache, kabla kumbukumbu hazijafifia. Ulizeni swali moja mahususi: ni sehemu gani ya ombi iliyowatia wasiwasi? Majibu yakija, yawekeni kwenye faili lilelile la viambatisho, aliyeandika ombi akiondoka yasiondoke naye.