Dina ya saa mbili usiku melini na watoto: wanayosema watu na ukweli wenyewe

Kila likizo za shule zikikaribia simu yangu haipumziki. Shoga kabuku meli ya matembezi bandari ya Galveston hapa Texas, binamu anapeleka familia Miami, mwingine anataka kwenda kuona barafu Alaska, na swali ni lile lile, "dada, dina tuchague zamu ya kwanza au ya pili, maana sisi tuna watoto." Mara nyingi mtu anauliza huku kashaamua, kwa sababu kuna maneno yanapita mdomo hadi mdomo na watu wanayabeba kama yalivyo. Mie na baba watoto tunaishi Houston, watoto wetu watatu, mkubwa miaka kumi na mdogo minne, meli tumepanda mara nne na zamu zote mbili tumezila, kwa hiyo haya nimeyapitia nikiwa na watoto mkononi na nataka niyaseme vizuri.

Kwa ambaye hajapanda bado, meli hizi zinabeba maelfu ya watu na ukumbi mkubwa wa chakula hauwaenei wote kwa mpigo, ndo maana wanagawa zamu mbili. Ya kwanza inaanza saa kumi na moja na nusu au saa kumi na mbili jioni, ya pili kwenye saa mbili usiku, inategemea kampuni na njia. Meli za Disney mara nyingi ni saa kumi na moja na dakika 45 na saa mbili na robo. Meli za MSC zinazozunguka Mediterania zamu ya pili inaweza kusogea hadi saa tatu hivi, maana Wahispania kula saa hizo kwao ni kawaida kabisa. Mnapewa meza yenu na weita wenu safari nzima, ila Disney wao mnazungushwa migahawa mitatu tofauti na weita anahama na nyie. Halafu kuna utaratibu wa kwenda kula muda wowote mnaotaka, Carnival wanauita Your Time Dining, Royal Caribbean wanauita My Time Dining.

Dhana: "Wenye watoto ni zamu ya kwanza, zamu ya pili watalala mezani."

Hii ndo kubwa kuliko zote na ndiyo iliyotuponza safari ya kwanza. Siku ya melini haifanani na siku ya nyumbani. Nyumbani mtoto anatoka shule, anaoga, anakula, analala, mambo yamenyooka. Sasa sisi siku ya Cozumel, kisiwa cha Meksiko, tulirudi melini saa kumi na moja kasorobo, foleni ya ukaguzi jua linachoma, watoto wana mchanga mpaka masikioni, na zamu yetu ni saa kumi na mbili kamili. Bafu la chumbani lile ukinyoosha mikono yote miwili umegusa kuta, humo uogeshe watoto watatu mmoja mmoja, nywele za binti zimejaa chumvi hazipitishi chanuo, baba yao anakimbia koridoni kashika jozi mbili za viatu mkononi. Tumefika mezani saa kumi na mbili na dakika 20, mkate wa kwanza haujaisha mdogo kashaegemeza shavu kwenye kitambaa cha meza analala fofofo, wakati huo ana miaka mitatu. Na kwa kuwa kalala saa hiyo basi saa nne usiku kaamka, macho makavu, anataka kucheza, na chumba chenyewe ni kimoja wote tumo humo.

Safari iliyofuata tukachukua zamu ya pili. Siku ya bandarini ikaja ile ile na uchovu ule ule, lakini safari hii watoto walirudi zao kwenye bwawa, ambalo saa hizo limepungua watu kwa sababu wenzao wamekwenda kula, wakaogelea mpaka wakaridhika, tukala kitu kidogo hapo hapo dekini, tukaoga taratibu bila kufokeana, saa mbili tukashuka. Hakuna aliyelala. Kwa nilivyoona mie, mtoto analala mezani akikosa usingizi wa mchana, basi. Kama mwanao bado analala mchana mpeleke chumbani saa nane mpaka saa kumi, funga pazia, na kama yule mkubwa hataki basi abaki na baba yake, ila mdogo alale. Ukiruka hiyo usingizi hata zamu ya kwanza haitakuokoa.

Dhana: "Watoto watashinda na njaa mpaka saa mbili."

Melini njaa inaingilia wapi? Bafe ipo, pizza ipo, matunda yapo, kwenye deki ya mabwawa kuna baga na chipsi. Kazi ni kupanga. Mie wangu nawapa saa kumi na moja, bakuli la tikiti na nanasi, nusu sandwichi au wali kidogo na kipande cha kuku, maji, imetosha. Wengi wanakosea hapa, wanawaachia ile aiskrimu ya mashine wajichotee kuanzia saa tisa, mtoto anafika mezani saa mbili tumbo limejaa sukari hali kitu na analia, halafu lawama zinaenda kwa zamu ya pili. Na kuna familia nyingine naifahamu wao watoto wanakula kushiba kabisa kwenye bafe saa kumi na mbili, ile ya saa mbili wanakwenda kwa ajili ya kuvaa vizuri na kula keki tu, na hiyo nayo ni sawa, hakuna anayekuuliza.

Jambo ambalo watu hawaambiwi: dina ya ukumbini inachukua saa moja na nusu, wakati mwingine inakaribia mawili, kwa sababu inakuja kwa awamu, supu na saladi, kisha chakula chenyewe, kisha kitamutamu. Mtoto wa miaka minne akisubiri awamu zote hizo atachoka iwe ni saa kumi na mbili au saa mbili. Usiku wa kwanza kabisa mwambie weita, chakula cha watoto kije pamoja na supu zetu. Yule wetu alikuwa kaka mmoja kutoka Indonesia, usiku wa pili tu tunavuta viti tayari kuna sahani ya ndizi na matikiti yaliyokatwa vipande vya kidole, kuku wa mdogo kashamkatia jikoni, na majina ya wanangu watatu anayaita bila kusita. Nilimkumbatia siku tunashuka.

Dhana: "Zamu ya pili ni ya watu wazima, mtawasumbua wenzenu."

Si kweli. Ni kweli kwamba wenye watoto wadogo wengi wanakimbilia zamu ya kwanza, ila watoto zamu ya pili wapo tele. Disney, kampuni ambayo biashara yake ni watoto, wana kitu wanaita Dine and Play na wamekiweka zamu ya pili: watoto kuanzia miaka mitatu wanaletewa chakula chao haraka, baada ya dakika kama 45 wahudumu wa klabu ya watoto, ile sehemu ya melini ya kuwachezesha na kuwaangalia, wanakuja mpaka mgahawani kuwachukua kwenda kucheza, nyie wazazi mnabaki kumalizia kahawa yenu mnazungumza. Mtoto awe ameacha nepi na awe ameandikishwa klabu mapema.

Meli nyingine angalia saa vizuri. Carnival klabu inapokea kuanzia miaka miwili na ni bure mpaka saa nne usiku, Royal Caribbean nao bure mpaka saa nne, kuanzia hapo unalipia kwa saa. Zamu ya pili inaisha kwenye saa nne kasoro. Kwa hiyo ukipanga kuwapeleka klabu baada ya kula umeshachelewa, wapeleke jioni kabla ya dina kama klabu iko wazi saa hizo, nyie mpumzike au mwoge kwa amani, kisha mwende kula pamoja.

Dhana: "Mkila saa mbili shoo mnaikosa."

Shoo kubwa ya jioni kwa kawaida inapigwa mara mbili, ile ile. Wa zamu ya pili wanaangalia kwanza kisha wanakula. Kwa watoto mie naona hii ndo afadhali, shoo ya saa kumi na mbili na robo wanaiona macho yakiwa wazi.

Dhana: "Saa mbili ni saa mbili tu popote."

Hapa naomba usome taratibu kwa sababu hili karibu kila mtu analisahau. Tumbo la mtoto halijui saa ya meli, linajua saa ya nyumbani. Sisi wa Houston tukipandia Galveston hakuna tofauti, saa mbili na robo ni hiyo hiyo. Lakini tukiruka kwenda Seattle kupanda meli ya Alaska, Seattle iko nyuma yetu masaa mawili, kwa hiyo saa mbili na robo ya pale kwa mwanangu ni saa nne na robo usiku, na meli ikiingia Alaska saa inarudishwa nyuma tena saa moja, sasa ni saa tano na robo. Mtoto wa miaka minne saa tano usiku umkalishe mbele ya supu? Hapo nilichukua zamu ya kwanza bila kujadiliana na mtu. Geuza sasa: rafiki yangu anayeishi California akienda kupandia Florida, saa mbili na robo ya Florida kwa watoto wake ni saa kumi na moja na robo jioni, yaani zamu ya pili ndo saa yao halisi ya kula, na zamu ya kwanza kwao ingekuwa mchana kweupe. Na ndugu wanaotoka Dar au Mombasa kwenda Florida wakati wa kiangazi cha kule, tofauti ni masaa saba, saa mbili na robo ya usiku ni saa tisa na robo usiku wa manane nyumbani, na hata zamu ya kwanza ni saa sita na dakika 45. Hao nawaambia fikeni siku tatu nne kabla watoto wazoee, hapo ndo mchague. Ila wakishazoea zamu ya pili inawafaa sana, maana watoto wetu wengi kula saa mbili au saa tatu ndo walivyolelewa, ugali unasongwa baada ya taarifa ya habari.

Dhana: "Kwa wanaoswali zamu ya kwanza ndo nzuri, mnamaliza mapema."

Fuatilia jua kwanza. Desemba huku Ghuba ya Meksiko jua linazama kwenye saa kumi na moja na nusu kwa saa za Texas, magharibi inaingia na zamu ya kwanza inaanza, ukikaa mezani kwa muda wa saa moja na nusu wakati unakaribia kutoka. Sisi na zamu ya pili tunaswali chumbani wote kwa utulivu, msafiri anaruhusiwa kujumuisha na isha, tunashuka kula hatuna deni. Juni Alaska ni kinyume, Juneau jua linazama baada ya saa nne usiku, kwa hiyo zamu zote mbili unakula bado mchana. Na chakula halali uliza na uombe wiki kadhaa kabla, Disney wanapokea maombi hayo, usisubiri kumuuliza weita.

Dhana: "Zamu ya pili wanapewa kilichobaki." Hapana. Menyu moja, bei moja, jiko linapika upya. Tipu ya kila siku nayo ni ile ile.

Na kuna wakati zamu ya kwanza ndo sahihi, sitaki mtu aseme nilimdanganya. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka miwili na nusu, ambaye klabu nyingi hawampokei na akichoka hana stahamala, zamu ya pili ni kumtesa. Wa kunyonya wa miezi mitano hana tabu, atalala mapajani. Mtoto ambaye ratiba ikivurugika anaumwa kweli, pia zamu ya kwanza. Huo utaratibu wa muda wowote unafaa wenye mapacha wadogo, au babu na bibi wenye dawa za kumeza kwa saa, ila kila usiku unaweza kupata weita mwingine na mara nyingine kuna kusubiri meza, kwa hiyo yule anayejua kuku akatwe vipi humpati.

Dhana: "Ukishapangiwa ndo basi."

Unaweza kubadilisha kabla ya safari kwa simu au mtandaoni kama nafasi ipo, ikijaa unaandikwa kwenye orodha ya kusubiri. Hata hiyo isiposogea, siku ya kupanda kuna sehemu wanashughulikia meza, saa na mahali imeandikwa kwenye apu ya meli, na watu wengi wanabadilisha siku hiyo kwa hiyo nafasi zinafunguka. Safari ya mwisho sisi tulipewa zamu ya kwanza hatukuitaka. Tulipanda saa sita na nusu mchana, baba akawapeleka watoto bafe, mie nikaenda moja kwa moja kusimama mlangoni mwa mgahawa kabla hawajafungua, wa tatu kwenye mstari, nikawaeleza watoto watatu, mdogo analala mchana, tunaomba saa mbili na robo. Dada wa kompyuta akatafuta kidogo, akaniuliza kama ni lazima iwe meza ya peke yetu, nikamwambia hapana. Tukawekwa na familia moja ya Louisiana wenye watoto wawili wa rika la wangu, dirishani, na watoto wakaanza kugombania nani akae karibu na kioo kuanzia usiku ule ule.