Nailoni tumboni: maswali kuhusu joto la mwili na kuumia kwa misuli

Jumamosi alfajiri barabara za Dar es Salaam hujaa vikundi vya jogingi, na hakosekani mtu aliyejifunga nailoni tumboni au kuvaa koti zito "ili atoe jasho". Maswali haya huulizwa sana baada ya mbio, au kesho yake, mtu anaposhindwa kushuka ngazi.

Misuli inauma kesho yake. Ni joto limeichoma, au ni ile asidi?

Si joto wala asidi. Asidi ya laktiki huondoka kwenye misuli muda mfupi tu baada ya kupumzika, wakati maumivu haya huanza baadaye na kufika kilele kati ya saa 24 na 72. Kinachoumiza ni msuli kukaza huku unavutwa urefuke. Ukiteremka mlima, misuli ya mbele ya paja ndiyo breki, na ndiyo maana wengi waliofika kileleni Kilimanjaro hulalamikia mapaja siku ya kushuka. Kuruka kichura nako ni hivyo hivyo: unaumizwa zaidi na kutua na kuchuchumaa kuliko kuruka kwenyewe. Nyuzi ndogo za msuli huchanika, kisha mwili unaleta uvimbe wa kukarabati.

Sasa joto linaingia wapi?

Katika nishati yote unayotumia ukikimbia, robo yake hivi, au pungufu, ndiyo inayokusogeza. Iliyobaki ni joto. Mtu aliyekaa kimya hutoa joto la kiasi cha wati 100, kama balbu za zamani. Akikimbia kwa kasi huweza kufika mara kumi ya hapo. Mwili hujipoza kwa jasho, ila jasho linapoza kwa kukauka, si kwa kutiririka. Pwani, hewa ikijaa unyevu, jasho linadondoka tu chini na joto linabaki ndani.

Joto la kupasha misuli kabla ya mazoezi halina ubaya. Shida huanza joto la ndani ya mwili linapokaribia nyuzi 40 na kupita. Ngozi inaitaka damu ili mwili upoe, misuli inaitaka ili ifanye kazi, na maji yanazidi kupungua. Seli za msuli zikiishiwa nishati, kalsiamu hujaa ndani yake na kuamsha vimeng'enya vinavyoanza kuutafuna msuli wenyewe. Kwa hiyo zoezi ambalo alfajiri lingekuachia maumivu ya siku mbili, saa saba mchana linaweza kukupeleka hospitali.

Nailoni inapunguza kitambi?

Haipunguzi. Uzito uliopungua kwenye mizani ni maji, na utarudi ukishakunywa. Nailoni kazi yake ni kuzuia jasho lisikauke. Ni sawa na kuziba rejeta ya gari halafu ukapandisha mlima. Jambo hili hunikera, maana wauza mikanda ya jasho hawamtajii mteja habari ya figo.

Figo zinahusikaje?

Msuli ukivunjika kwa wingi humwaga kwenye damu protini nyekundu iitwayo mayoglobini, ambayo huziumiza figo zinapoichuja. Mwaka 1941, London ikipigwa mabomu, madaktari Bywaters na Beall waliandika kuhusu watu waliofukuliwa wakiwa hai kwenye vifusi, miguu ikiwa imepondwa, kisha wakafa siku chache baadaye kwa figo kushindwa kazi. Mazoezi ya kupita kiasi yanaweza kuvunja msuli vivyo hivyo bila kifusi chochote. Hali hiyo huitwa rabdomiolisisi.

Dalili ya kuogopa ni mkojo mweusi kama strungi, pamoja na misuli iliyovimba na kukosa nguvu. Kipimo cha mkojo cha kijiti kinaweza kuonyesha "damu", lakini kwenye hadubini chembe nyekundu hazionekani au ni chache mno. Ni mayoglobini hiyo. Daktari atapima pia CK, kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye msuli ulioumia, hali ya figo, na potasiamu, ambayo ikizidi huweza kusimamisha moyo. Ukiona mkojo wa namna hiyo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usimeze diklofenaki wala ibuprofeni kutuliza maumivu, kwani figo zilizokauka maji huumizwa zaidi na dawa hizo.

Walio hatarini zaidi ni aliyekaa miezi bila mazoezi kisha akaanza kwa fujo, anayekimbia akiwa na homa, na aliyerithi kinasaba cha sikoseli kutoka kwa mzazi mmoja, ambaye mara nyingi hajijui. Adhabu ya kichura mia moja juani ni hatari kwa yeyote.

Mwenzetu ameanguka mbioni, mwili unawaka, anaongea ovyo. Tumkimbize hospitali?

Mpozeni kwanza, huku mmoja anaita gari. Mvueni nguo za juu, mtumbukizeni kwenye pipa au beseni kubwa la maji baridi, kichwa kikishikwa nje. Hakuna pipa? Mmwagieni maji mfululizo na kumpepea. Kipimajoto cha kwapani kisiwatulize, maana husoma chini ya joto halisi la ndani. Kama hana fahamu sawasawa, msimnyweshe kitu.

Nimesikia joto pia linaweza kuukinga msuli. Kweli?

Kweli, kwa kiasi. Msuli uliopashwa joto hutengeneza protini za kinga zinazozilinda protini nyingine zisiharibike, na watu waliopashwa misuli ya mkono siku moja kabla ya zoezi zito walipona haraka zaidi. Mwili nao huzoea hali ya hewa: aliyetoka Njombe kuja Tanga huhitaji wiki moja hadi mbili za mazoezi mepesi kabla ya kukimbia kama alivyozoea.

Ila kinga kubwa zaidi haitoki kwenye joto. Msuli ulioumia kidogo kwa kuteremka au kuchuchumaa huwa mgumu kuumia tena kwa zoezi hilo hilo kwa wiki kadhaa. Kama ni kichura, piga kumi leo, pumzika siku tatu nne, ndipo uongeze.